Risasi Nene Haikufikishi Yadi Elfu

Kwenye kijiwe kimoja cha kahawa karibu na Soko Kuu la Chifu Kingalu, Morogoro, kijana mmoja alikuwa akisimulia mashindano ya kulenga shabaha ya masafa marefu aliyoyatazama kwenye simu. Akasema washindani hupiga shabaha iliyo umbali wa yadi 1,000, yaani mita 914, na kwamba wengi hutumia risasi yenye kipenyo cha milimita sita au sita na nusu. Mzee mmoja mstaafu akaweka kikombe chini. "Mjukuu wangu, usidanganywe. Yadi elfu bila risasi nene? Itachoka njiani!" Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Kijana akajibu kwa adabu, "Sawa babu," akanyamaza.

Adabu ile ndiyo inayoukera moyo. Imani kwamba risasi nene ndiyo inayofika mbali na kupiga sawasawa imekaa vichwani mwa watu miaka nenda miaka rudi, na sababu mojawapo ni kwamba kila anayejua kidogo hunyamaza mbele ya asiyejua kabisa. Filamu zimechangia, maana shujaa wa filamu hatembei na bunduki nyembamba. Gobore limechangia pia: mdomo wake mpana na kishindo chake humfanya anayelisikia aamini kuwa kelele ni nguvu. Na katika huu mji kasoro bahari, kila mtu anajiona fundi wa risasi kwa kuwa Shirika la Mzinga linazitengeneza hapa hapa, chini ya milima ya Uluguru. Kukaa Turiani hakujamfanya mtu yeyote kuwa mtaalamu wa sukari.

Mabingwa wa unene wana neno moja wasilolitaja kamwe: upepo.

Kwenye yadi 1,000, kufika si tatizo. Risasi nyingi za bunduki hufika. Kushuka nako si tatizo, ingawa risasi ya kawaida ya mashindano hushuka mita nane hadi kumi kabla ya kuigusa shabaha. Mvutano wa dunia wa Jumatatu ndio ule ule wa Ijumaa. Mlengaji hupiga hesabu, hurekebisha darubini, shughuli ikaisha. Upepo haupigiwi hesabu mara moja ukaisha. Husomwa kwenye nyasi, kwenye vibendera vilivyopangwa uwanjani, kwenye mawimbi ya joto yanayocheza ndani ya darubini, na unapomaliza kuusoma umeshageuka. Mkazi wa Bigwa au Kilakala hahitaji kufundishwa hilo: asubuhi jani halitikisiki, saa nane mchana vumbi linapita mlangoni.

Hebu mabingwa wa unene wazitazame namba. Risasi ya .308 Winchester ya mashindano, ile nene zaidi, yenye uzito wa gramu 11 na kitu, ikipigwa yadi 1,000 huku upepo wa kilomita 16 kwa saa ukivuma ubavuni, husukumwa pembeni zaidi ya mita mbili. Ya 6.5 Creedmoor, yenye gramu 9 tu, husukumwa kama mita moja na sentimita 70. Nyembamba, nyepesi, na bado upepo unaionea kidogo zaidi! Siri iko kwenye umbo. Ni ndefu kwa wembamba wake na ncha yake ni kali, kwa hiyo hupasua hewa bila kupoteza kasi ovyo, na risasi inayotunza kasi haiupi upepo nafasi ya kuichezea. Kampuni ya Hornady ya Marekani iliitoa mwaka 2007 mahususi kwa walenga shabaha, na tangu hapo washindani wa bunduki za usahihi wameendelea kupunguza unene wa risasi zao. Wengi wa mabingwa wa Marekani leo wako kwenye milimita sita.

Kwenye uwanja wa shabaha wa Bisley, Uingereza, duara la katikati la shabaha ya yadi 1,000 lina upana wa sentimita 61. Aliyekosea kuusoma upepo kwa theluthi moja tu, akiwa na ile .308, yuko nje ya duara. Unene haukumsaidia kitu. Isitoshe, katika mashindano makubwa ya pale washindani wengi hutumia kipenyo kimoja, milimita 7.62, ile ile ya .308, na bado kila mwaka kuna anayeshinda na wanaoshindwa. Wamepishana kwa nini, kama si kwa kusoma upepo?

Wala hili si jambo la juzi. Mwaka 1857 Waingereza walizishindanisha bunduki mbili: Enfield, iliyokuwa bunduki ya jeshi lao, yenye mtutu wa inchi .577, na ya mhandisi Joseph Whitworth, nyembamba zaidi, ya inchi .451. Nyembamba iliigaragaza nene, na kadiri umbali ulivyoongezeka ndivyo kipigo kilivyozidi. Huo ulikuwa mwaka 1857, na leo hii kuna watu bado wanabishana kijiweni.

Historia ya Morogoro yenyewe ingetosha kumfunza anayetaka kufunzwa. Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza, askari wengi wa jeshi la Wajerumani hapa nchini walikuwa na bunduki za Mauser za mwaka 1871: milimita 11, risasi ya gramu 25, baruti nyeusi. Nene kama babu anavyopenda. Risasi ile ilitoka mtutuni kwa kasi ya mita 430 hivi kwa sekunde, na kila mlio uliacha wingu la moshi lililomwambia adui mahali pa kulenga. Bunduki mpya ya Wajerumani, ya milimita 7.92, ilirusha risasi ya gramu 10 kwa kasi karibu maradufu ya hiyo. Kamanda Paul von Lettow-Vorbeck hakuishi kwa porojo. Alizipokea kwa mikono miwili bunduki hizo nyembamba zilipoletwa na meli ya Rubens mwaka 1915, na za Waingereza za .303 zilizotekwa Tanga akazitumia vilevile. Majeshi ya Waingereza chini ya Jan Smuts yalipoingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916, na Wajerumani wakarudi nyuma kupitia Uluguru kuelekea Kisaki, hakuna aliyekuwa akililia milimita 11.

Rubens ina funzo jingine. Meli ile ilishambuliwa ikakwama kwenye ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, na shehena yake ikaingiwa na maji ya bahari. Risasi ikabidi zifunguliwe moja moja, baruti ianikwe, zifungwe upya, na bado nyingi zilikataa kulia. Kipenyo kilikuwa kile kile. Kilichoharibika ni usawa: baruti hii kavu, ile ina chumvi. Mlenga shabaha wa leo hupima baruti kwenye mizani ndogo, ganda kwa ganda, kwa sababu risasi mbili zikitofautiana kasi kidogo tu, kwenye yadi 1,000 moja itapanda na nyingine itashuka.

Halafu kuna teke. Frederick Selous, mwindaji ambaye pori kubwa la akiba lilipewa jina lake, alianza kuwinda tembo miaka ya 1870 kwa bunduki za kupakia mdomoni zilizorusha risasi ya zaidi ya gramu 100. Baadaye aliandika mwenyewe kuwa mateke ya bunduki zile yalimharibu neva, yakaathiri ulengaji wake moja kwa moja, na akajuta kuzishika. Kama mwindaji wa kiwango kile alivunjwa na teke, karani wa Kihonda anayelenga Jumamosi kwa Jumamosi atapona? Bega likishaumia, mwili hushtuka kabla ya mlio, na mtutu ukishatikisika hata unene wa mgomba hausaidii.

Wapo wanaojibu, kwa uso mkavu kabisa: "Mbona mzinga wa jeshi ni mnene na unapiga kilomita kumi na tano?" Jibu ni kwamba mzinga una magurudumu. Hauna bega, haulali kifudifudi juu ya turubai, na hakuna anayeudai upige duara la sentimita 61. Atakayeingia uwanjani na mzinga ashindane na mizinga wenzake.

Mchezo wenyewe una majeraha ya kutosha bila kuongezewa ujinga. Ulengaji shabaha uliondolewa kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham mwaka 2022, ukaachwa tena kwenye ile ya Glasgow ya 2026, na vipindi vyetu vya michezo havikupoteza hata dakika moja. Vilikuwa vinajadili nyonga ya mshambuliaji. Hapa nyumbani, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kupata kibali ni safari, na si mtu wa kawaida atakayeifunga mara mbili. Halafu aliyekipata anashauriwa aanze na .300 Winchester Magnum "ili asijute": teke zito kuliko la .308, risasi ghali, na mtutu unaochakaa mapema kwa moto wa baruti nyingi.

Anayeanza aulize kwanza kanuni za mashindano anayoyataka. Kwenye daraja la wazi la F-Class, mchezo uliobuniwa na Mkanada George Farquharson, wengi wako kati ya milimita 6.5 na 7. Kwenye daraja la F-TR ubishi umekwisha mezani, kwa kuwa kanuni zinaruhusu risasi mbili tu, .308 na .223. Hiyo ya pili ina kipenyo kisichofika milimita sita, hupigwa yadi zile zile 1,000, na wapo wanaoichagua kwa hiari yao.