Mama Kaomba Kibao cha Barabarani, Ninyi Mnajadili Sura Yake

Kuna vicheko vinavyoudhi kuliko matusi, na Jumapili iliyopita nilivisikia sebuleni kwa binamu yangu wa Tabata, yule yule ambaye wasomaji wa safu hii mnamjua kwa ubishi wake wa mpira. Safari hii hapakuwa na mpira. Televisheni ilikuwa ikirudia Modern Family, kichekesho cha familia cha kituo cha ABC cha Marekani, na tukaangukia kipindi cha mwaka 2012 ambamo Claire Dunphy, mama wa watoto watatu, anajiandaa kwa mdahalo wa kugombea ujumbe wa baraza la mji.

Mama huyu hakuamka tu akatamani ukubwa. Magari yanapita kasi mtaani kwake. Ameomba kiwekwe kibao cha kuyasimamisha, na mjumbe aliyeko madarakani, Duane Bailey, amempuuza. Basi akaamua kukitaka kiti chenyewe. Mnataka hoja gani safi kuliko hiyo?

Lakini kura ya maoni inasema ana hasira na hapendezi kwa watu. Familia nzima inaketi kumrekebisha: uso, sauti, mikono. Binamu akapiga makofi. "Mama mwenye sura hiyo nani atampa kura? Hata mumewe anamwogopa!" Shemeji zangu wakacheka wakishika mbavu. Nikawauliza: huyu mama anagombea ili afanye nini? Kimya. Nikauliza tena. Mmoja akabahatisha kwamba anataka kujenga shule.

Nilichemka. Mgombea mwanaume akifoka jukwaani tunasema ana uchungu na wananchi. Mwanamke akikaza uso kidogo, tayari ni jeuri na ana mdomo. Bailey anaonyesha dharau waziwazi, na pale sebuleni hakuna aliyeitaja sura yake.

Ukaja mdahalo wenyewe. Bailey anachimbua mkasa wa hotelini wa Phil, mume wa Claire. Phil anasimama kujieleza na kuharibu zaidi. Aibu ni ya mume, anayeilipia ni mke. Hilo tunalijua vizuri huku kwetu. Mwanamke akichukua fomu ya udiwani, swali la kwanza kijiweni ni kama mumewe ameruhusu, la pili ni nani atawapikia watoto. Mitaro iliyoziba itasubiri.

Tena kipindi hicho hicho kilizua malalamiko Marekani hata kabla hakijarushwa, na Claire hakuwa sababu. Mtoto mdogo wa hadithini, Lily, anatamka neno chafu, ambalo hata hivyo lilizibwa mtazamaji asilisikie, na wapo waliotaka kipindi kizima kisionyeshwe. Neno moja la mtoto liliwakosesha usingizi. Mama kuchambuliwa sura mbele ya wanawe waliliona jambo la kawaida.

Siku ya uchaguzi, vipindi kadhaa mbele, Claire anashindwa. Na sisi tusijifanye wageni wa habari hiyo: sehemu kubwa ya madiwani wanawake wa Tanzania wameingia katika mabaraza kwa viti maalumu, si kwa kura za kata. Watu husema wanawake hawajitokezi. Si kweli. Tunawafukuza mapema, vijiweni na sebuleni, na kicheko ndicho fimbo yetu.

Binamu, usinipigie simu kuniambia kwamba kile ni kichekesho tu. Waliocheka pale ni wapiga kura, na ulimi uliomhukumu Claire ndio utakaomhukumu mama wa mtaa wa pili akithubutu kuchukua fomu.

Kwa hiyo, msomaji, mwanamke wa kata yako akija kukuomba kura, muulize mtaro utazibuliwa lini na kwa fedha ipi. Akikosa jibu, mnyime kura, na utakuwa umemtendea haki. Ukimnyima kwa sababu ya sura yake, basi mafuriko yakikuingilia ndani usimlaumu diwani uliyempata.