Mama Achague Mji Mwenyewe

Likizo ndefu ikikaribia, maongezi ya bwenini hubadilika. UE zikiisha tu, watu wanaanza kupanga safari ambazo bumu haliwezi kulipia hata nauli ya kufika uwanja wa ndege. Safari hii chumbani kwetu mjadala una uzito kidogo, kwa sababu safari yenyewe ipo. Dada yangu ni nesi Ujerumani. Amedunduliza miaka miwili, na anataka mama aondoke Makambako akapumzike naye wiki tatu, wawili tu, mama na binti. Limebaki swali moja: wakae mji gani?

Wenzangu walijibu kabla sijamaliza kueleza. Paris! Mwingine Venice, eti kuna mitumbwi. Mwingine Barcelona kwa ajili ya mpira, wakati mama hajui hata Simba wanavaa rangi gani. Dada naye roho yake iko Paris, kwa picha chini ya ule mnara. Mimi nasema Berlin, na sisemi hivyo kwa sababu Berlin ni nzuri kuliko Paris.

Tuanze na makaratasi, maana ndiyo yanayoua safari nyingi. Viza ya Schengen ni moja na inafungua nchi 29, lakini maombi unapeleka ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, na ukinyimwa hairudi. Unatakiwa bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, na ushahidi kwamba una hela za kujikimu. Sasa hela ya mama iko wapi? Iko kwenye kikoba, kwenye simu, na kwenye magunia ya viazi. Hakuna karatasi ya benki itakayoeleza hayo. Ujerumani wana njia yao: mwenyeji anakwenda ofisi ya wageni ya mji anakoishi, anaonyesha hati za mshahara, anasaini kwamba gharama za mgeni wake ni juu yake. Dada analiweza hilo. Kwa hiyo mama akae Ujerumani siku nyingi, na kama picha ya mnara ni lazima, wapande treni waende Paris siku mbili warudi.

Lakini ndani ya Ujerumani kuna miji mingi. Kwa nini Berlin?

Kwa sababu nilimpigia mama nikamuuliza, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya. Alicheka kwanza. Halafu akasema, "Mwanangu, Berlin si ndiko walikotoka wale wa Kidugala?"

Ndiko. Wamisionari wa Kilutheri wa Shirika la Berlin walifika Ubena miaka ya 1890, wakajenga Kidugala na vituo vingine. Mama amelisikia jina la mji huo kanisani tangu utotoni, kama wengine wanavyosikia Yerusalemu. Paris hana habari nayo. Berlin ana maswali nayo.

Na maswali mengine si ya kanisani. Mwaka 1905, Maji Maji ilipofika huku kwetu, kituo cha misheni cha Yakobi karibu na Njombe kilishambuliwa. Majeshi ya Wajerumani yakachoma mashamba na maghala kusini kote, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Novemba 2023 Rais Steinmeier alikuja Songea akaomba msamaha. Mwaka huohuo, Berlin ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi hizo, na baadhi ya ndugu wa marehemu wakapatikana hapa Tanzania. Sisemi mama apelekwe kutazama mafuvu. Ila kwenye makumbusho ya viumbe ya Berlin kuna mifupa ya mjusi mkubwa wa kale, kimo zaidi ya mita 13, iliyochimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913. Wapagazi wetu waliibeba hadi bandarini. Huyo mama amwone. Atakuwa mtalii mwenye mali yake pale ndani.

Rafiki yangu mmoja ananiambia namharibia mama likizo, namgeuzia iwe kipindi cha History. Hoja yake naielewa. Mama amelima tangu akiwa msichana, anastahili kukaa tu na kula ice cream. Basi Berlin kuna maziwa ya kuogelea na bustani kubwa ya Tiergarten katikati ya mji. Tena mji wenyewe ni tambarare, na mama ana magoti. Wanaomtajia Lisbon hawajafikiria vile vilima. Shida nitakayoitaja ni jua: Julai linazama karibu saa tatu na nusu usiku, na mama saa mbili yuko kitandani.

Ndiyo maana nashauri pia wasiende Julai. Dada anasema "summer" kana kwamba sote tunayo. Julai Njombe ni baridi na ukungu, na mahindi yanavunwa. Ukimtoa mama shambani wakati huo, atakuwa Berlin anapiga simu kuuliza magunia. Mwisho wa Agosti, mahindi yakiwa ndani, atapumzika kweli. Na Ulaya bado kuna joto.

Kwa sasa kazi iko kwangu. Pasipoti ni shilingi 150,000, dada ameshatuma. Jina la mama kwenye kitambulisho cha NIDA lina herufi moja tofauti na kwenye cheti cha kuzaliwa, na hilo lirekebishwe kabla hatujagusa fomu ya viza. Jumatatu tunaanzia hapo, mimi na yeye.