Ratiba ni Ahadi

Msomaji wa Pwani hana haja ya kuelezwa uzito wa ratiba. Ukiingia mwezi wa Ramadhani, nyumba nyingi hubandika ukutani ile karatasi ya nyakati za kufunga na kufuturu, na wakubwa kwa watoto huitazama kwa dakika, si kwa saa. Sasa mchukue Mwislamu aliyehamia Kisii, akasahau akatia mfukoni karatasi ya Mombasa. Kisii iko magharibi ya Mombasa kwa karibu digrii tano, na kila digrii ni dakika nne za jua. Kwa hiyo jua huchwa Kisii dakika ishirini hivi baada ya Mombasa, zikizidi au kupungua kwa misimu. Bwana yule akifuturu kwa karatasi yake, amekula mchana. Karatasi haikusema uongo. Imesema kweli ya mahali pengine.

Nimeanza na mfano huu kwa sababu jambo ninalotaka kulizungumza leo wengi hulidharau. Nalo ni ratiba ya vipindi vya televisheni, ile inayojitokeza kwenye kioo ukibonyeza kidude cha king'amuzi. Watu husema, "Ah, ni burudani tu, kikikosekana leo kitakuja kesho." Je, ni kweli?

Nina mpwa wangu anayesomesha Nyamira. Jirani yake ni mzee aliyesifika kwa kupiga obokano, kile chombo kikubwa cha Abagusii chenye nyuzi nane na sauti nzito kama inayotoka ardhini. Siku moja wakaja watu wa stesheni moja ya televisheni, wakamhoji mzee, wakampiga picha akiimba. Ratiba ikatangaza kwamba kipindi kitakuwa saa mbili unusu hadi saa tatu usiku. Usiku huo jamaa wote walikuwa na arusi ng'ambo ya Keroka. Mpwa wangu akachomeka flashi kwenye king'amuzi, akachagua kipindi kwenye ratiba, akabonyeza, wakaenda zao arusini.

Waliporudi walikuta nini? Dakika ishirini za mjadala wa wanasiasa uliopitiliza wakati wake, dakika tatu za matangazo ya biashara, kisha mzee anasalimia na kukaza nyuzi. Alipofungua kinywa kuimba, saa tatu ikafika na mashine ikajizima. Walipouliza kwenye stesheni hiyo, waliambiwa kanda haipo tena. Leo vidole vya mzee vimekufa ganzi. Hapigi tena.

MASHINE HAINA KOSA

Wanakijiji waliilaumu mashine. Mimi nasema mashine haina kosa. Mashine ya kurekodi ni mfano wa mtoto aliyetumwa dukani na kijikaratasi: ataleta kilichoandikwa. Haina macho ya kumwona mzee, wala haina masikio ya kuitambua obokano. Yote inayoyajua imeyapata kwenye ratiba: jina la stesheni, jina la kipindi, saa ya kuanza, saa ya kwisha. Mwandishi wa ratiba akikosea, mashine itakosea kwa utiifu mkubwa.

Na makosa yenyewe ni ya namna nyingi. Tangu Kenya ilipozima matangazo ya analojia mwaka 2015, picha hutufikia kwa mitambo ya dijitali, na ratiba husafiri ndani ya mawimbi hayo hayo pamoja na picha. Sheria ya mitambo hiyo ni kwamba saa ndani ya ratiba ziandikwe kwa saa za Greenwich, kisha king'amuzi cha nyumbani kiongeze saa tatu za Afrika Mashariki. Sasa akitokea mfanyakazi akaandika saa za Nairobi mahali palipotakiwa saa za Greenwich, kipindi cha saa mbili usiku kitaonekana Nyamira kuwa ni cha saa tano usiku. Sisi Waswahili tulizoea tofauti ya saa sita baina ya saa yetu na ya Mzungu, na hatupotei, kwa sababu tuna akili ya kujua jua liko wapi. Mashine haijui jua.

Kosa la pili ni uvivu. Stesheni nyingine hupeleka kipindi kilichoko hewani na kinachofuata tu, kwa hiyo huwezi kuiagiza mashine irekodi cha kesho. Nyingine huandika jina moja wiki nzima, "Utamaduni", bila nambari ya kipindi wala maelezo. Zipo programu za kompyuta kama MythTV na Tvheadend ambazo mtu huziagiza mara moja tu, zikamrekodia kila sehemu ya mfululizo, na zinaweza kuruka zile alizokwisha kurekodi. Lakini zitatofautishaje, ikiwa wiki hii na wiki iliyopita zimeandikwa sawasawa? Huenda programu ikasema, "Hiki ninacho," ikamwacha mzee wa watu apite.

Kosa la tatu ndilo lililompata mpwa wangu: ratiba ilikuwa sahihi asubuhi, ikawa uongo usiku, na hakuna aliyejishughulisha kuirekebisha.

WENZETU WALIFANYAJE

Wako watakaosema kwamba mambo ya hewani hayatabiriki. Kweli, lakini hilo si geni duniani. Ujerumani, tangu mwaka 1985, enzi za kanda za video, stesheni zilianza kupeleka alama ya siri ndani ya matangazo wakati kipindi kinapoanza hasa. Mashine ya nyumbani iliingoja alama hiyo badala ya kuingoja saa. Mjadala ukichelewa, na mashine nayo ilichelewa. Ikiwa hilo liliwezekana zama za kanda, kwa nini leo lishindikane?

Marekani nako kuna funzo. Watumiaji wa programu kama MythTV walikuwa wakipata ratiba bure kutoka kampuni moja, mpaka mwezi wa Septemba 2007 kampuni ilipofunga mlango. Programu zao zilikuwa nzima, kompyuta zao nzima, lakini bila ratiba zikawa kama gari lisilo na petroli. Wakaungana, wakaunda chama kisichotafuta faida, wakachanga fedha na kununua ratiba wenyewe. Walikwisha kujua kwamba chombo bila ratiba ya kweli ni pambo.

Naona vijana wa Kisii na Nyamira wanaweza kujifunza hapo. Programu nilizozitaja husoma pia faili ya maandishi iitwayo XMLTV. Ndani yake huandikwa stesheni, jina la kipindi, saa ya kuanza na ya kwisha, na mbele ya saa hiyo alama ya +0300, yaani saa tatu mbele ya Greenwich. Kijana aliyemaliza sekondari anaweza kuiandika. Simu moja kwa stesheni kila jioni, marekebisho mawili matatu, na ratiba ya vipindi vya Ekegusii ingekuwa ya kuaminika. Wakati huohuo, mwenye king'amuzi ajihadhari: asirekodi kwa kuchagua jina peke yake. Aiagize mashine ianze dakika kumi kabla na iendelee nusu saa baada. Flashi itajaa upesi, lakini heri kujaza flashi kuliko kuikosa sauti.

Hata hivyo, mzigo mkubwa usitupwe kwa mtazamaji. Mwenye stesheni anayeweza kuweka matangazo ya sabuni kwa sekunde hashindwi kuweka saa ya kweli ya kipindi cha wazee. Anaposhindwa, si kwa sababu hana ujuzi. Ni kwa sababu sabuni inamlipa na obokano haimlipi.

Ndugu wa Pwani, msiseme hayo ni ya bara. Maulidi ya Lamu huonyeshwa pia kwenye televisheni. Mashairi ya wazee wetu na taarabu za zamani hupita hewani, mara nyingine mara moja tu. Jamaa zetu wako Kisii, Nairobi, Maskati na London, wakitegemea mashine iwashikie wasichoweza kukingoja. Ratiba ikiwa mbovu, wote hao watafungua na kukuta wanasiasa.

Sisi tunasema ahadi ni deni. Stesheni inapoandika kwamba saa mbili unusu mzee atapiga obokano, imejitia deni kwa kila aliyesoma, na kwa kila mashine iliyosoma kwa niaba ya mtu. Ikichelewa, na iseme imechelewa. Mzee wa Nyamira aliitimiza ahadi yake: alikaza nyuzi, akakaa tayari. Deni lililobaki si lake.