PIKIPIKI ZAPEKULIWA, MOTOKARI YA BWANA MKUBWA YAPITA

Ndugu wafanyakazi, na ninyi wananchi wa Kasongo na Kabambare,

Tumenyamaza mno. Kila jioni, kazi ikiisha, twapangwa mstari kwenye lango la mgodi. Zamu anapekua kikapu cha kinga, anang'oa kiti cha pikipiki, anachungulia tangi la mafuta. Haya, anatafuta dhahabu. Wala sisemi dhahabu haiibwi. Inaibwa. Lakini barua ya mke wangu ina dhahabu gani? Juzi ilifunguliwa, ikasomwa kwa sauti, wakacheka. Mwenzangu alikutwa na karatasi ya michango ya sendika. Majina yote yakanakiliwa. Je, huko ndiko kulinda mgodi?

Ndugu wa mjini, msidhani haya hayawahusu. Pikipiki nyingi zinazofunguliwa pale ni zenu mlizotuazima, na dawa zinazomwagwa chini ni zile mlizotutumia wagonjwa wetu.

Mimi ni karani. Daftari la lango hupita mikononi mwangu. Kinga zimeandikwa, pikipiki zimeandikwa, hata mama aliyeleta chakula kaandikwa. Motokari ya bwana mkubwa sijaiona katika mstari hata mmoja. Kumbe dhahabu hupanda kinga tu!

Mambo haya si mapya. Kule Kimberley, Afrika ya Kusini, upekuzi ulipoletwa kwenye migodi ya almasi mwaka 1883, wafanyakazi Wazungu waligoma, wakagoma tena mwaka 1884, mwishowe wakaachwa. Weusi wakaendelea kuvuliwa nguo. Nasi twajua nchi hii ilipata Uhuru tarehe 30 Juni 1960. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 12, yasema Wakongomani wote ni sawa mbele ya sheria. Kifungu cha 31 chalinda siri ya barua na simu, isipokuwa pale sheria inaporuhusu. Ni sheria ipi iliyomruhusu zamu? Tumeuliza ofisini. Hakuna aliyetuonyesha karatasi.

Basi wajumbe wetu wa sendika wapeleke maneno haya: amri ya upekuzi iandikwe, ibandikwe langoni, mjumbe wetu awepo wakati wa kupekua, barua na simu zisiguswe, kitu kikichukuliwa, mwenyewe apewe hati. Na motokari ya bwana mkubwa ingie kwenye mstari, nyuma ya pikipiki yangu.

Karani wa Mgodi