Mjane na Hiari Yake

Ziko nyumba za Wakristo ambamo, matanga yakiisha, ndugu za marehemu hukaa shauri nani amrithi mjane, naye mwenyewe haulizwi. Tena huitaja Torati, Kumbukumbu 25. Na waisome vema! Sheria ile ilimhusu aliyekufa pasipo mwana, na hata hapo shemeji aliweza kukataa. Mtume Paulo, akiwajibu Wakorintho waliomwandikia, afundisha katika mlango wa 7 ya kwamba kifo humfungua mke. Akitaka kuolewa, achague mwenyewe, mradi katika Bwana, ingawa Paulo aliona heri akae vivyo hivyo. Walimu, mkiitwa katika shauri hilo, mwulizeni yeye kwanza. Akikataa kuolewa, watoto na shamba visiondolewe mkononi mwake.