Wakati wa kuuza walitujua, wakati wa kulipa wametusahau

Makomred, hii si stori ya Nairobi.

Shangazi yangu analima ekari mbili Trans Nzoia. Msimu wa kupanda wa 2024 alipata ujumbe kwenye simu kwamba mbolea yake ya ruzuku iko tayari. Akaenda ghalani, akatoa kitambulisho, akalipa shilingi 2,500 kwa kila mfuko wa kilo 50, akabeba miwili. Mahindi yaliota, yakageuka manjano, yakadumaa. Shamba linalompa magunia thelathini na kitu likampa kumi na moja.

Mwaka huo nchi nzima ilijua kuna mbolea feki kwenye mpango wa ruzuku. Serikali yenyewe ilikubali kwamba wakulima waliuziwa mali mbovu, ikaahidi fidia. Basi shangazi akaenda kuuliza. Afisa akamwambia alete risiti. Risiti ni ile karatasi ya mashine, ikikaa miezi mitatu inabaki nyeupe kama ukuta. Akarudi nyumbani mikono mitupu.

Sasa hebu tuulizane. Ili upate mbolea ya ruzuku lazima usajiliwe: jina, nambari ya kitambulisho, simu, ekari, unalima nini. Ujumbe unakuja kwa nambari yako, si ya jirani. Serikali inajua nani alinunua, mifuko mingapi, ghala gani. Halafu inamdai mama wa miaka sitini karatasi iliyofutika? Wakati wa kuuza ilimjua kwa jina. Wakati wa kulipa, eti wewe ni nani?

Na fidia yenyewe ni ipi? Waliozungumziwa sana ni wa kubadilishiwa mfuko kwa mfuko. Darasani tunafundishwa kwamba fidia ni kumrudisha mtu pale ambapo angekuwa kama hangekosewa. Shangazi hakupoteza shilingi 5,000 za mifuko miwili tu. Alipoteza msimu. Alipoteza magunia ambayo yangelipa karo ya Januari. Mfuko mpya ukifika baada ya mvua kupita, utaumwaga wapi?

Hii si huruma tunaomba. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya kufidiwa kwa hasara inayotokana na kasoro zake. Kinasema wazi kwamba kinahusu pia bidhaa zinazotolewa na taasisi za umma. Hakuna pahali kimeandika "isipokuwa serikali ikiwa ndiyo muuzaji".

Lakini tusijidanganye, hata sisi upinzani tuna deni. Mei 2024 tulikesha tukihesabu kura za kumng'oa Waziri Linturi. Wabunge 149 waliunga mkono hoja, kamati ikasema madai hayakuthibitishwa, tukakasirika, tukasonga mbele. Julai baraza la mawaziri likavunjwa kwa sababu ya maandamano, naye akaondoka nalo. Tukashangilia. Shangazi hakupata hata debe. Tulitaka kichwa cha waziri kuliko pesa ya mkulima, na yeye aliliona hilo.

Kazi bado ipo. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Wewe uliye na simu na dakika kumi, keti na mzazi wako umwandikie barua: nambari yangu ya usajili ni hii, nilinunua mifuko kadhaa, naomba rekodi zangu na orodha ya waliofidiwa kwenye ghala hili. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Tukishakuwa na rekodi, Kifungu cha 22 kinaruhusu mmoja kwenda mahakamani kwa niaba ya wengi.

Barua ya shangazi niliiandika Jumapili, akatia sahihi juu ya meza ya jikoni. Ya mamako utaandika lini?