Usipande kwa Mvua ya Mwaka Jana

Ndugu mkulima, nataka kusema nawe neno moja juu ya mvua. Kuja kwake hakumo mikononi mwetu. Lakini mambo tuyafanyayo kwa sababu yake ni yetu wenyewe, na hayo twaweza kuyatengeneza.

Tazama desturi yetu huku Ukambani na katika sehemu nyingine kavu. Mvua ikiwa nyingi, mwaka ufuatao wengi hupanda mahindi shamba zima, na mtama huachwa. Magunia huuzwa yote, maana watu husema njaa imekwisha. Mvua ikikosekana, mwaka ufuatao twaogopa, tukalima kipande kidogo tu. Basi kila mara twajiandaa kwa msimu uliokwisha kupita, wala si kwa ule unaokuja.

Kumbuka miaka hii ya karibuni. Tangu vuli ya 2020 hata mwisho wa 2022, misimu 5 mfululizo ilikuwa mibaya katika sehemu nyingi za kaskazini na mashariki ya Kenya, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa. Mwisho wa 2023 ikaja mvua ya El Nino, na masika ya 2024 mafuriko yakaua watu zaidi ya 200. Aliyekuwa akifikiri ukame peke yake alikutwa na maji hali hana tuta wala mtaro. Hali ya hewa inabadilika, na mwaka mmoja si kipimo cha mwaka mwingine.

Habari ya mifugo ni hiyo hiyo. Mwenye ng'ombe hungoja, akisema, "Huenda ikanyesha wiki ijayo." Ng'ombe akikonda ndipo ampelekapo sokoni, na siku hiyo jirani zake wote wako pale na ng'ombe waliokonda kama wake. Bei ya ng'ombe huanguka, na bei ya mahindi imekwisha kupanda. Kama angaliuza wawili mapema wakiwa wanono, angalinunua chakula cha nyumba na majani ya wale waliobaki.

Najua wengine watasema kwamba utabiri hauaminiki. Watakumbusha kwamba mwaka 2015 tulitangaziwa El Nino, na katika sehemu nyingi mvua haikufikia ile ya 1997. Ni kweli. Lakini utabiri si ahadi. Husema ni jambo gani lina nguvu zaidi ya kutokea. Tena yafaa ujue kwamba mvua ya vuli hufuata sana joto la bahari. Maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yakiwa na joto kupita ya upande wa Indonesia, mara nyingi vuli huwa nyingi. Yakipoa, huwa haba. Kwa hiyo wataalamu waweza kuitambua vuli mapema, vizuri kuliko masika. Na kwa mkulima wa Ukambani, vuli ndiyo msimu wa kutegemewa zaidi.

Maoni yangu ni haya. Yako mambo ya kufanya kila mwaka, mvua iwe nyingi au haba. Tengeneza matuta ya fanya juu wakati wa kiangazi, kwa kuwa hushika maji mwaka wa ukame, na hupunguza mbio zake mwaka wa mafuriko. Panda mtama, kunde na mbaazi pamoja na mahindi. Weka mbegu na chakula cha msimu mmoja, wala usiviuze hata mavuno yakijaza ghala.

Mengine yabadili kwa utabiri: ukubwa wa shamba la mahindi, kuchagua mbegu inayokomaa upesi kama Katumani, na idadi ya ng'ombe utakaobaki nao. Kabla ya Oktoba sikiliza redio, kisha umwulize Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kwenu utabiri wa kaunti yako unasemaje. Uliza tena kabla ya Machi.

Usione haya jirani akikucheka kwa kupanda mtama baada ya mwaka wa neema. Akiba haiozi, na watoto wako hawatakula mvua ya mwaka jana.